Jaribio la Mzigo Linapotoa Majibu Yasiyoaminika: Dalili, Visababishi na Mahali pa Kuanzia

Jaribio la mzigo ni kuupelekea mfumo maombi mengi ya kuigiza ili kuona utakavyohimili. Mwongozo huu ni kwa ajili ya timu inayojiandaa kwa siku ambayo mfumo wake wa wavuti utafunguliwa na watu wengi kwa pamoja: siku ya kutangazwa kwa matokeo ya mitihani, siku za mwisho za kuomba mikopo ya elimu ya juu, au asubuhi ambayo tiketi za mechi ya Simba na Yanga zinaanza kuuzwa mtandaoni. Timu hiyo imekwisha kuandika skripti, imewasha programu ya kuzalisha mzigo kama JMeter, k6, Gatling au Locust, na sasa inatazama grafu isiyoeleweka. Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba namba inayotoka kwenye jaribio haielezi mfumo peke yake. Inaeleza mashine inayozalisha mzigo, njia ambayo maombi yamepita, na mfumo wenyewe, vyote vitatu vikiwa vimechanganyika. Kazi ya mtatuzi ni kuvitenganisha, na utaratibu unaookoa muda ni kuanza na kilicho karibu naye, yaani mashine yake mwenyewe, kabla ya kumwamsha msanidi wa mfumo.

Muda wa kujibu ni mrefu hata kwa mtumiaji mmoja

Iwapo ombi moja tu, bila mzigo wowote, linachukua nusu sekunde au zaidi, usiongeze watumiaji kwanza. Pima vipande vya muda huo. Amri ya curl inaweza kuonyesha muda wa kutafuta jina la seva, muda wa kuunganisha, muda wa kukamilisha usalama wa TLS (makubaliano ya kusimba mawasiliano), na muda wa kupokea baiti ya kwanza, kila kimoja peke yake. Kama sehemu kubwa imeliwa kabla ya baiti ya kwanza kuombwa, tatizo liko njiani.

Kwa timu iliyoko Dar es Salaam yenye seva Ulaya, sehemu ya muda huo haiwezi kupunguzwa na msanidi yeyote. Mwanga husafiri ndani ya mkongo kwa takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, na kutoka Dar es Salaam hadi Frankfurt kwa mstari mnyoofu ni takriban kilomita 7,000, hivyo kwenda na kurudi hakuwezi kuchukua chini ya milisekunde 70. Kwa kuwa mikongo ya baharini haifuati mstari mnyoofu, muda halisi huwa mrefu zaidi ya hapo. Muunganisho mpya wenye TLS 1.2 huhitaji safari tatu za kwenda na kurudi kabla ya ombi kutumwa, na wenye TLS 1.3 huhitaji mbili. Skripti inayofungua muunganisho mpya kwa kila ombi inalipa gharama hiyo kila mara, ilhali kivinjari cha mtumiaji hulipa mara moja kisha kikaendelea kutumia muunganisho uleule. Hakikisha kwanza kwamba skripti inadumisha miunganisho.

Njia yenyewe nayo haiko sawa kila siku. Mwezi Mei 2024, hitilafu za mikongo ya EASSy na SEACOM zilidhoofisha intaneti nchini Tanzania na katika nchi jirani, na jaribio lolote lililofanywa kutoka Dar es Salaam kwenda ng'ambo siku hizo lilipima mikongo hiyo kuliko lilivyopima mfumo. Kwa sababu hiyo ninashauri kazi mbili zitenganishwe. Unapotaka kujua uwezo wa seva, weka mashine ya mzigo karibu na seva, katika kituo kilekile cha wingu ikiwezekana. Unapotaka kujua kile atakachokiona mtumiaji wa Mbagala au Tegeta, peleka maombi machache tu kutoka Dar es Salaam kupitia mtandao wa simu wakati mzigo mkubwa ukiwa unaendelea kutoka kule kwingine. Ukichanganya kazi hizo mbili katika jaribio moja, hakuna swali litakalojibiwa.

Kasi ya maombi imegota, lakini seva imepumzika

Unaongeza watumiaji wa kuigiza kutoka 500 hadi 1,000, muda wa kujibu unaongezeka maradufu, kasi ya maombi haisogei, na ukiangalia seva unakuta prosesa inatumika kwa asilimia 15. Hii ni dalili ya kawaida ya mashine ya mzigo iliyozidiwa.

Angalia prosesa na kumbukumbu ya mashine hiyo kwanza. JMeter inapoendeshwa kwa dirisha lake, huku kipengele cha kuonyesha kila jibu kikiwa kimewashwa, hujaza kumbukumbu kwa majibu ambayo hakuna atakayeyasoma. Dirisha ni la kutengenezea na kusahihisha skripti, na jaribio lenyewe huendeshwa kwa mstari wa amri, kwa mfano `jmeter -n -t jaribio.jmx -l matokeo.jtl`. Kumbukumbu ambayo JMeter hupewa kwa chaguo-msingi ni gigabaiti 1, kiasi kinachokwisha haraka thredi, yaani nyuzi za kazi zinazoendeshwa sambamba, zikiwa nyingi.

Kisha piga hesabu ya laini ya intaneti. Ukurasa wenye kilobaiti 500 ni sawa na megabiti 4. Kurasa 50 kwa sekunde ni megabiti 200 kwa sekunde. Ofisi ya Mikocheni yenye laini ya megabiti 20 kwa sekunde itagota kwenye kurasa tano, hata seva iwe na nguvu kiasi gani. Hesabu hii ifanyike kabla ya jaribio, kwa sababu laini iliyojaa hutoa grafu inayofanana kabisa na ile ya seva iliyochoka.

Kisababishi cha tatu hujificha zaidi. Kila muunganisho unaotoka hutumia poti ya muda, na kwenye Linux poti hizo kwa chaguo-msingi ni kuanzia 32768 hadi 60999, yaani poti 28,232 kwa kila anwani moja inayolengwa. Muunganisho ukifungwa, upande ulioanza kuufunga hubaki na poti katika hali ya kusubiri iitwayo TIME_WAIT kwa sekunde 60. Ukigawanya utaona kwamba mashine inayofungua na kufunga muunganisho kwa kila ombi haitaweza kudumisha zaidi ya miunganisho mipya 470 hivi kwa sekunde kuelekea anwani moja. Ujumbe utakaouona ni "Cannot assign requested address". Tiba ya kwanza ni ileile ya kudumisha miunganisho; ya pili ni kupanua wigo wa poti; ya tatu ni kugawa kazi kwa mashine kadhaa. Ujumbe wa "Too many open files" ni ndugu yake wa karibu: unatokana na kikomo cha faili zilizofunguliwa kwa prosesi moja, ambacho mara nyingi ni 1024, na huonekana kwa amri ya `ulimit -n`. Ruta ndogo ya ofisi pia ina jedwali la miunganisho lenye ukomo, na likijaa, pakiti hutupwa kimya.

Kipimo cha kuthibitisha haya yote ni rahisi. Ongeza mashine ya pili ya mzigo, na ugawe watumiaji walewale nusu kwa nusu. Kasi ya maombi ikipanda, kikwazo hakikuwa kwenye mfumo.

Hakuna kosa lolote, na kila kitu ni cha haraka kupita kiasi

Matokeo haya hufurahisha, na kwa hiyo hayachunguzwi. Mfumo ukijibu kwa milisekunde 8 mahali ambapo unatakiwa kusoma hifadhidata na kutengeneza hati, fungua majibu machache uyasome kwa macho. Mara nyingi utakuta ukurasa wa kuingia. Tokeni ya usalama wa fomu ilinakiliwa wakati wa kurekodi skripti na imekwisha muda, seva imemrudisha mtumiaji kwenye ukurasa wa kuingia, programu ya majaribio imefuata njia hiyo kwa utiifu, na ukurasa wa kuingia umetoa jibu la 200 ambalo limehesabiwa kuwa mafanikio.

Kila hatua muhimu ya skripti iwe na uhakiki wa maudhui: neno ambalo halipatikani ila pale kazi ilipokamilika kweli, kama vile namba ya kumbukumbu ya malipo. Tokeni zitolewe kwenye jibu lililotangulia, zisiandikwe mkononi. Baada ya jaribio, hesabu safu zilizoongezeka kwenye hifadhidata na ulinganishe na idadi ya maombi yaliyofanikiwa; hesabu hizo zisipokubaliana, usiripoti chochote.

Majibu ya 429 na 403 yanajaa ghafla

Namba hizi ni misimbo ya kukataliwa. Hapa mfumo, au kinga iliyo mbele yake, umeona maombi mengi kutoka anwani moja na umeyazuia. Kwa jaribio lenyewe, tiba ni kuomba mwenye kinga aruhusu anwani za mashine za mzigo. Ruhusa hiyo iwe ya maandishi na imhusishe mwenye mfumo pamoja na mwenye seva, kwa kuwa mzigo usio na kibali hautofautiki na shambulio, na nchini Tanzania ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Lakini usiishie hapo. Mitandao ya simu kwa kawaida huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani chache za umma. Kinga iliyozuia mashine yako ya majaribio inaweza, siku ya matokeo, kuwazuia wanafunzi wengi wasio na hatia wanaotumia mtandao mmoja. Ripoti jambo hilo kama tatizo la mfumo.

Makosa ya 502 na 504, na muda wenye namba kamili

Muda wenye namba kamili mara nyingi humtaja msababishi. Maombi yanayoshindwa baada ya sekunde 60 hasa yanaelekeza kwenye proksi (seva ya mbele inayopokea maombi na kuyapitisha) kama Nginx, ambayo kwa chaguo-msingi husubiri seva ya nyuma kwa sekunde 60 kisha ikatoa 504, yaani muda wa kusubiri umekwisha. Yanayoshindwa baada ya sekunde 30 katika mfumo wa Java unaotumia HikariCP yanaelekeza kwenye akiba ya miunganisho ya hifadhidata (miunganisho michache inayowekwa wazi na kutumiwa kwa zamu), ambayo HikariCP ndiyo huitunza, kwa sababu huo ndio muda wake wa kusubiri. Na kama grafu ina marundo madogo ya maombi yaliyochelewa kwa sekunde 1, 3 na 7, shuku foleni ya kupokea miunganisho: kwenye Linux foleni hiyo ikijaa, ombi la kuunganisha hutupwa bila taarifa, na mteja wa Linux ya kabla ya toleo la 6.5 hulirudia baada ya sekunde 1, kisha 2, kisha 4. Kikomo cha mfumo endeshi kwa foleni hiyo kilikuwa 128 hadi toleo la Linux 5.4 lilipokifanya 4096, na programu ya seva nayo ina kikomo chake. Kinachofanya kazi ni kile kilicho kidogo.

502 ina maana tofauti. Seva ya nyuma imekataa au imekata muunganisho. Soma logi zake kwa dakika ileile, ukikumbuka kwamba seva nyingi huandika saa kwa UTC: jaribio la saa 4 asubuhi ya Dar es Salaam limo kwenye logi kama 07:00. Kama 502 ni chache na hutokea hata kwa mzigo mdogo, linganisha muda ambao proksi na seva ya nyuma huacha muunganisho usio na kazi. Seva ikifunga mapema kuliko proksi, proksi itatuma ombi kwenye muunganisho uliokwisha kufa.

Muda wa kujibu unapanda, prosesa zote zimelala

Mashine ya mzigo imethibitishwa, njia iko safi, seva ya programu inatumia asilimia 20, hifadhidata asilimia 10, lakini maombi yanachukua sekunde nane. Hii ndiyo dalili ninayoiona kuwa muhimu kuliko zote katika mwongozo huu, kwa sababu huzua uamuzi wa gharama kubwa usio na faida: kununua seva kubwa zaidi. Kila mtu anasubiri, hakuna anayefanya kazi. Kivuko cha Kigamboni kikiwa na nafasi zilezile, kupanua chumba cha abiria upande wa Magogoni hakumfikishi mtu ng'ambo mapema zaidi.

Tafuta kile kilicho na nafasi chache. Tomcat, seva ya programu za Java, ina thredi 200 kwa chaguo-msingi. HikariCP ina miunganisho 10. Hifadhidata ya PostgreSQL hupokea miunganisho 100, na ya MySQL 151. Hesabu inayohitajika ni ile ya foleni ambayo mtafiti John Little aliithibitisha mwaka 1961: idadi ya walio ndani ya mfumo ni sawa na kasi ya kuingia mara muda wanaokaa. Akiba ya miunganisho 10, kila mmoja ukishikwa kwa milisekunde 50, hupitisha kazi 200 kwa sekunde. Ukishikwa kwa milisekunde 200, hupitisha 50. Huhitaji programu yoyote kugundua hili. Unahitaji kujua muunganisho unashikwa kwa muda gani.

Sasa tazama kinachotokea katika mfumo wenye malipo ya simu. Msanidi anafungua muamala wa hifadhidata, anaandika oda, anaita huduma ya malipo ili mteja atokewe na ujumbe wa kuweka namba ya siri, anasubiri jibu kwa sekunde tatu, kisha anafunga muamala. Wakati wote huo muunganisho wa hifadhidata umeshikwa bila kufanya lolote. Miunganisho 10 kwa sekunde tatu kila mmoja ni oda tatu na kitu kwa sekunde, kwa mfumo mzima, kwa siku ambayo tiketi za uwanja wenye viti 60,000 zinauzwa. Wanunuzi wa tiketi wasioendelea na malipo nao wanakwama, kwa kuwa kuangalia ratiba tu kunahitaji muunganisho kutoka akiba ileile.

Kuongeza akiba hadi 100 kunasogeza tatizo kwenye hifadhidata, ambayo itaanza kusema "sorry, too many clients already", hasa kama seva za programu ni tatu na kila moja ina akiba yake. Tiba ya kweli ni kupanga kazi upya: andika oda ikiwa na hali ya kusubiri, funga muamala, rudisha muunganisho, ndipo uite huduma ya malipo; na jibu la malipo likirejea, lishughulikiwe kama ombi jipya linalojitegemea.

Katika kupima sehemu hii, usipeleke mzigo kwenye huduma halisi ya malipo ya kampuni nyingine. Jenga huduma ya kuigiza inayochelewa kama ile halisi, na uifanye ichelewe kwa viwango tofauti: sekunde moja, sekunde tano, na wakati mwingine isijibu kabisa. Huduma ya kuigiza inayojibu papo hapo huficha tatizo lote nililolieleza. Vilevile, usijaze skripti namba za simu za wananchi zilizonakiliwa kutoka mfumo unaotumika. Ujumbe mfupi utawafikia kweli, na taarifa zao zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Kama akiba haijajaa na bado prosesa zimelala, tafuta kufuli katika hifadhidata. Jedwali lenye safu moja ya kuhesabu tiketi zilizobaki, ambayo kila oda lazima iibadilishe, hulazimisha wanunuzi wote kupita mmoja mmoja.

Wastani ni mzuri, lakini watu wanalalamika

Acha kuripoti wastani. Maombi 95 ya milisekunde 100 na matano ya sekunde 10 yana wastani wa karibu milisekunde 600, namba ambayo hakuna mtumiaji hata mmoja aliyeipata. Ripoti pasentaili ya 50, ya 95 na ya 99 (ya 95 ni muda ambao maombi 95 kati ya 100 hayauzidi), na usichukue wastani wa pasentaili za mashine mbalimbali, kwa sababu jibu lake halina maana.

Hata pasentaili hudanganya iwapo watumiaji wa kuigiza husubiri jibu kabla ya kutuma ombi linalofuata. Mfumo ukiganda kwa sekunde 10, watumiaji hao wote huacha kutuma, na jaribio lililokusudia maombi 100 kwa sekunde hurekodi maombi machache yaliyochelewa badala ya 1,000 ambayo yangeathirika. Mhandisi wa programu Gil Tene ameeleza kwa kina kasoro hii ya upimaji. Mwanafunzi wa Temeke anayefungua matokeo hasubiri mwenzake wa Ubungo ajibiwe kwanza. Kwa matukio ya aina hiyo, tumia mtindo ambao kasi ya kuingia haitegemei majibu: k6 ina kitekelezaji cha `constant-arrival-rate`, Gatling ina `constantUsersPerSec`, na JMeter, tangu toleo la 5.5, ina kundi la thredi la aina hiyo.

Jaribio la leo halifanani na la jana

Angalia kwanza kama data ni ileile. Skripti inayotafuta namba moja ya mtahiniwa mara elfu kumi inapima kache, yaani majibu yaliyokwisha kuhifadhiwa tayari. Skripti yenye namba tofauti inapima diski na faharasa. Tupa dakika za mwanzo, kwa kuwa mifumo ya Java huhitaji muda wa kupata moto. Kama kuna kigawa mzigo mbele ya seva kadhaa, hakikisha mashine ya mzigo haijashikilia anwani moja ya DNS na kuziacha seva nyingine bila kazi. Mashine za bei nafuu za wingu ambazo hupewa akiba ya prosesa hukimbia vizuri hadi akiba iishe, kisha hushuka. Jaribio la asubuhi likiimaliza akiba, la mchana litaonekana baya bila msimbo kubadilika.

Mfumo unaharibika baada ya saa kadhaa

Jaribio la dakika kumi haliwezi kuonyesha tatizo hili. Endesha mzigo wa wastani usiku kucha na ufuatilie mistari mitatu: kumbukumbu inayoendelea kushikiliwa baada ya kusafishwa, idadi ya faili na miunganisho iliyofunguliwa, na nafasi ya diski. Mstari wa kumbukumbu unaopanda bila kurudi chini ni uvujaji. Idadi ya miunganisho inayopanda kidogo kidogo huku kasi ya maombi ikiwa ileile humaanisha kuna njia ya msimbo, mara nyingi ile ya kushughulikia kosa, isiyorudisha muunganisho kwenye akiba. Ilazimishe kwa kuifanya huduma ya kuigiza ya malipo ishindwe kila ombi la kumi, na uone kama mwinuko unaongezeka. Diski inayojaa, kwa upande wake, husababishwa zaidi na logi zilizoachwa katika kiwango cha undani cha wakati wa kusanidi, na hifadhidata iliyo kwenye diski hiyohiyo itaacha kuandika siku nafasi itakapokwisha, hivyo punguza kiwango hicho na uwashe mzunguko wa logi kabla ya kurudia jaribio.